Frateri, Hivi Roki ni Muziki wa Shetani?



Likizo iliyopita nilikuwa parokiani kwa uchungaji. Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana wa kidato cha tano alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu, na amekunja mikono kifuani kama vile anataka kulificha lile fuvu. Akaniuliza: "Frateri, hivi kusikiliza roki ni dhambi? Mama anasema nikiendelea nitafungua mlango." Nikamuuliza, mlango gani? Akasema, "Wa mapepo."

Nilimjibu haraka haraka kwa sababu Paroko alikuwa ananiita. Nikamwambia, "Muziki ni muziki tu, cha msingi usali." Jioni jibu hilo lilinikera mimi mwenyewe. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuondoka. Halafu, nikilifikiria vizuri, si la kweli. Mama yake hajakosea kila kitu, na mimi sikuwa sahihi kwa kila kitu. Basi somo la leo ni la kulipa deni lile. Ni refu kidogo, tuvumiliane.

Muziki si "muziki tu"

Mwaka wa kwanza wa falsafa tulisoma Jamhuri ya Plato. Humo Plato anataka mji wake uchuje nyimbo: zile zinazolegeza watu na kuwafanya wavivu ziondolewe, zibaki zinazojenga ujasiri na kiasi. Anaona kwamba mitindo ya muziki ikibadilika, hata sheria za mji hutikisika. Darasani tulicheka, tukasema huyu mzee angekuwepo leo angefungia redio zote. Lakini jaribu kupeleka wimbo wa harusi msibani uone. Hakuna atakayekwambia "muziki ni muziki tu." Watu wanajua miilini mwao kwamba sauti ina maana hata kabla maneno hayajaanza.

Mtakatifu Augustino naye alihangaika na jambo hili. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anakiri kwamba kuna wakati sauti ya mwimbaji ilimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na hapo anajiona amekosa. Papo hapo anakumbuka machozi aliyoyamwaga akisikia nyimbo za Kanisa siku za mwanzo za kurudi kwake kwa Mungu. Mwisho anakubali kwamba kuimba kanisani ni jambo jema, ila anakubali kwa tahadhari. Naipenda tahadhari hiyo. Ni ya mtu anayeujua moyo wake.

Kwa hiyo mama anayeogopa kile kinachoingia masikioni mwa mwanaye si mshamba. Ameona kwamba muziki unafanya kazi ndani ya mtu. Kosa liko pengine, nalo linaanza tunapouliza roki imetoka wapi.

Dada mmoja na gitaa lake

Ukiuliza nani alianzisha roki, wengi watataja Elvis Presley. Wengine watasema Chuck Berry au Little Richard. Ni kweli hao ndio walioipeleka duniani miaka ya 1950. Lakini nyuma yao yuko mwanamke ambaye wengi hawamjui, na alitoka kanisani.

Anaitwa Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa 1915 Cotton Plant, mji mdogo wa Arkansas, kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa Kanisa la Kipentekoste la watu weusi, mpiga mandolini na mwimbaji. Rosetta alianza kupiga gitaa akiwa mtoto mdogo kabisa, akizunguka na mama yake kwenye mikutano ya Injili. Katika makanisa yale watu walipiga makofi, waligonga sakafu kwa miguu, walipaza sauti. Dramu na magitaa yalikuwa humo tangu mwanzo. Mapigo yale ambayo baadaye ulimwengu uliyaita rokenroli, yeye aliyakuta kwenye sala.

Mwaka 1938 alirekodi nyimbo zake za kwanza New York na kuanza kuimba hata kwenye kumbi za starehe. Waumini wengi wa kanisa lake waliumia sana. Kwao ilikuwa kama kuchukua nyimbo za madhabahuni na kuzipeleka baa. Sitaki kuwacheka, maana hata sisi leo kwaya ikialikwa kuimba mahali pa namna hiyo, kikao cha parokia kitakaa hadi usiku. Rosetta aliendelea kwenda huku na huku, kanisani na ukumbini, akiwa na gitaa lilelile. Mwaka 1945 wimbo wake "Strange Things Happening Every Day", wimbo wa Injili uliopigwa kwa gitaa la umeme, uliingia kwenye orodha ya nyimbo zilizokuwa zikiuzwa sana kwa Wamarekani weusi. Wapo wanaouhesabu kuwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za rokenroli.

Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 aliyemsikia akiimba. Kijana huyo ndiye Little Richard. Naye Elvis alikulia katika kanisa la Kipentekoste kule Tupelo, Mississippi. Tuzo zote 3 za Grammy alizoshinda akishindanishwa na wengine zilikuwa za nyimbo za dini. Nyimbo zile zilizofanya wasichana wapige kelele hazikumpa hata moja.

Ipo picha ya video ya 1964 ambayo nawaomba muitafute. Rosetta yuko Manchester, Uingereza, kwenye stesheni ya treni iliyokuwa imefungwa. Watazamaji wamekaa upande mmoja wa reli, yeye yuko upande wa pili. Mvua imenyesha, jukwaa limelowa. Anachagua kuanza na wimbo wa gharika ya Nuhu, "Didn't It Rain". Mama wa makamo, amevaa koti zuri kama anakwenda Misa ya Pasaka, amebeba gitaa jeupe la umeme, anapiga solo ambayo kijana wa leo akiisikia bila kuona picha hawezi kuamini. Alifariki 1973, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Jumba la heshima la rokenroli la Marekani lilikuja kumkumbuka 2018.

Sasa, anayesema roki ilizaliwa kuzimu, ajue kwamba mmoja wa wakunga wake alikuwa binti wa mwinjilisti. Hata hivyo tuwe waangalifu, hapa falsafa inatubana kotekote. Kitu kutoka mahali pema hakithibitishi kwamba leo ni chema. Yuda naye alitoka kwenye kundi la mitume. Historia ya Rosetta inavunja hoja ya kwamba roki ni mbaya kwa asili yake. Haituambii kitu kuhusu wimbo ulioko kwenye simu yako.

Nota haina pepo

Kuna fundisho la Mtakatifu Augustino, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akalifafanua zaidi, kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe. Uovu ni upungufu wa wema uliopaswa kuwepo, kama upofu ulivyo upungufu wa kuona. Kila kilichopo, kwa kuwa kipo, kimetoka kwa Mungu na ni chema. Shetani hawezi kuumba. Hana kiwanda cha sauti. Hakuna nota yake, hakuna mapigo yake, hakuna gitaa lake. Anachoweza ni kupotosha kilichokwisha kuumbwa.

Utasikia kwamba kuna mruko wa sauti ulioitwa "ibilisi katika muziki" na kwamba bendi za hevi metali ziliuchukua kwa makusudi. Jina hilo kweli lipo. Walimu wa muziki wa zamani waliupa mruko huo kwa sababu ni mgumu kuimba na sauti yake haitulii. Mwanakwaya unayesoma d r m unaujua: ruka kutoka f hadi t. Mnavyopotea hapo kwenye mazoezi! Sasa sikiliza. Kila Jumapili mpiga kinanda wenu anapobonyeza s, t, r na f kwa pamoja kabla ya kurudi nyumbani kwenye d, huyo "ibilisi" yumo ndani, f na t ziko pamoja. Ndizo zinazofanya masikio yetu yatamani kufika d. Bila wasiwasi ule, amani ya mwisho isingesikika.

Bendi iliyofanya mruko huo ujulikane ni Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, 1970. Jina lao linatisha, na walilitoa kwenye filamu ya kutisha. Lakini tazama sauti yao ile nzito ilivyozaliwa. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha vyuma. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili, na ni vidole vya mkono anaobonyezea nyuzi, maana yeye ni wa mashoto. Aliambiwa gitaa basi tena. Alichofanya ni kuyeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zikilegezwa, sauti inashuka chini, inakuwa nzito na nyeusi. Vijana wa dunia nzima wakaiga sauti iliyotokana na jeraha la kibarua. Pepo hakuhusika. Ni kiwanda kisicho na usalama, na kijana asiyekata tamaa.

Wengi hawajui pia kwamba mpiga besi na mtunzi mkuu wa maneno ya bendi hiyo, Geezer Butler, alilelewa Mkatoliki. Katika albamu yao ya 1971 kuna wimbo wake uitwao "After Forever" unaomhoji msikilizaji kuhusu roho yake na kuwakemea wanaomkana Mungu kwa kuogopa kuchekwa na wenzao. Ningeweza kuutumia kwenye mafundisho ya Kipaimara, ila sijui Paroko angesemaje.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka 1999. Humo anatofautisha Muumba na fundi. Mungu huumba kutoka pasipo kitu. Msanii ni fundi: hupokea kilichopo, hukipa umbo na maana mpya. Ukiitazama roki kwa jicho hilo unaelewa kwa nini haikai mahali pamoja. Rosetta alipokea nyimbo za watumwa na bluzi, akazitia umeme. Waingereza wa Liverpool walipokea rekodi za Wamarekani weusi, wakarudisha kitu kingine. Bob Dylan alizomewa kwenye tamasha la Newport 1965 kwa kubeba gitaa la umeme mbele ya watu waliozoea la mbao. Panki wa 1976 wakachoka na solo ndefu, wakarudi kwenye kodi tatu za gitaa na hasira. Zambia, jirani zetu, miaka ya 1970 vijana wa miji ya shaba walichanganya magitaa makali na midundo ya kwao, ikaitwa Zamrock. Nairobi nako zimetokea bendi kama Murfy's fLaw na Parking Lot Grass. Na msisahau kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa roki, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, 1946. Kwenye "Bohemian Rhapsody" utasikia neno Bismillah, ambalo mtoto wa Unguja hahitaji kufundishwa. Kila mmoja alipokea, akafinyanga. Ndivyo Mungu alivyotuumba, mafundi.

Hata ngoma ilikuwa nje

Mwaka 1903 Mtakatifu Pio X alitoa waraka kuhusu muziki mtakatifu. Humo alikataza piano kanisani, pamoja na vyombo vya kelele, na ngoma zimetajwa waziwazi. Hebu fikiria Misa yako ya Jumapili bila ngoma na kayamba. Huku kwetu babu na bibi wengi waliambiwa ngoma ni za mizimu, na walioacha kuzipiga waliona wanafanya toba. Halafu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaja. Katika hati ya Liturujia ya 1963, namba 119 na 120, Kanisa linataka muziki wa mataifa upewe heshima yake, na vyombo vingine viruhusiwe kama vinafaa kwa ibada na vinawajenga waamini.

Sisemi Pio X alikosea. Alikuwa anapambana na Misa zilizogeuka kuwa maonyesho ya opera huko Italia. Chombo kilikuwa kinabeba maana ya jukwaani, naye akakiweka nje. Maana ilipobadilika, uamuzi nao ukabadilika. Kwa hiyo hata leo jambo la kuuliza ni: sauti hii, mahali hapa, inabeba maana gani? Ndiyo maana naweza kumwambia kijana asikilize roki Jumamosi na bado nikamkatalia kupiga solo ya dakika tatu wakati wa Komunyo. Wakati ule macho yanatakiwa kuwa kwa Mwingine.

Mapapa wawili na mwimbaji mmoja

Septemba 1997, Bologna, Italia, kwenye Kongamano la Ekaristi, Bob Dylan aliimba mbele ya Yohane Paulo II na umati mkubwa wa vijana. Papa alipopanda kuzungumza, aliuchukua wimbo maarufu wa Dylan kuhusu upepo, akawaambia vijana kwamba ndiyo, jibu liko kwenye upepo, lakini upepo ulio pumzi ya Roho Mtakatifu. Na mtu akiuliza njia ni ngapi, akasema, ni moja tu, nayo ni Kristo.

Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, hakufurahishwa. Aliandika miaka 10 baadaye kwamba alikuwa na mashaka, na kwa namna fulani bado anayo, kama ilifaa kuwaleta "manabii" wa aina hiyo. Na katika kitabu chake kuhusu roho ya liturujia, cha mwaka 2000, ana maneno makali. Anaona kwamba katika matamasha ya roki, kelele, mapigo, taa na umati vinamfanya mtu ajisahau na kuzama katika kundi, na kwamba hiyo ni ibada inayoshindana na ibada ya Kikristo. Maana Kristo hamwokoi mtu kwa kumfuta nafsi.

Niliposoma mara ya kwanza nilinuna. Nikasema huyu ni mzee wa Mozart, hatuelewi. Sasa nadhani ameona kitu ambacho sisi vijana hatutaki kukiona. Umewahi kusimama katikati ya umati, spika zinatikisa kifua, ukajikuta unapiga kelele neno ambalo ukiwa peke yako usingelisema? Hiyo si roki tu. Iko kwenye singeli, iko kwenye mpira, na, mnisamehe, iko hata kwenye baadhi ya mikesha yetu, watu wanalia bila kujua wanalilia nini. Ninapoachana naye ni hapa: kile anachokieleza ni jambo ambalo roki inaweza kufanya, si kile roki ilivyo. Yule mama wa Manchester kwenye mvua hakuwa amejisahau. Alijua vizuri anamwimbia nani.

Na sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili pia. Zipo bendi zilizomchukia Kristo waziwazi. Norway, kuanzia 1992, vijana wa kundi la metali nyeusi walichoma makanisa ya kale ya mbao, ukiwemo mkasa wa kanisa la Fantoft karibu na Bergen. Hiyo si hadithi ya kutisha watoto, ilitokea. Hadithi za kutisha watoto ni zile za kupiga rekodi kinyumenyume utafute ujumbe wa siri. Bendi ya Judas Priest ilishtakiwa Marekani kwa jambo hilo, na 1990 jaji akaitupilia mbali kesi. Mimi sina haja ya kupiga wimbo kinyumenyume. Nikiupiga mbele tu, maneno ya baadhi yananitosha kuuzima.

Kinubi kilekile, mkuki

Fungua Biblia yako, 1 Samweli 16, mstari wa 23. Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, Daudi anapiga kinubi, Sauli anatulia. Somo hili tunalipenda, wanakwaya wanalinukuu kila mwaka kwenye sikukuu ya Mtakatifu Sesilia. Wachache wanaendelea hadi sura ya 18, mstari wa 10 na 11. Mpigaji ni yuleyule, kinubi kilekile, msikilizaji yuleyule. Safari hii Sauli anachukua mkuki na kumrushia Daudi.

Nini kilibadilika? Katikati ya sura hizo mbili, wanawake walimsifu Daudi kuliko mfalme, na wivu ukaingia. Muziki si dawa inayofanya kazi yenyewe, wala si uchawi unaomshika mtu asiyetaka. Unakutana na moyo uliopo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wimbo una nini, jiulize mimi nimeshika nini mkononi ninapousikiliza.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatupa njia ya kujua. Mwaka 1521 alijeruhiwa vitani, akalala nyumbani miezi mingi. Alipowaza hadithi za mashujaa na mabibi wa kifalme alifurahi sana, ila mawazo yakiisha alibaki mkavu, hana raha. Alipowaza maisha ya watakatifu alifurahi pia, na furaha ile ilibaki baada ya mawazo kuondoka. Ona kwamba wakati wenyewe vyote viwili vilikuwa vitamu. Tofauti ilionekana baadaye. Basi fanya hivyo. Ukivua spika za masikioni, kaa dakika tano kimya. Umebaki na nini? Unaweza kumtazama mama yako usoni? Unaweza kusali Baba Yetu bila kuruka maneno? Kama unabaki na hasira ambayo hujui ya nani, au na dharau kwa wadada, au na wazo la kujiumiza, wimbo huo achana nao, hata kama mpigaji ni mbatizwa.

Kuhusu wazo la kujiumiza niseme zaidi kidogo. Vijana wengi wanaopenda roki wananiambia: "Frateri, huu ndio muziki pekee unaosema ninavyojisikia." Nawaamini. Miaka ya mwanzo ya 1990 Nirvana ya Kurt Cobain iliwasemea mamilioni waliokuwa na maumivu, na 1994, akiwa na miaka 27, yeye mwenyewe alijiua. Kusema maumivu si dhambi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata "Aleluya" ya kutuliza mambo, na Kanisa linaisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Lakini Zaburi ile, hata gizani, inamwambia Mtu. Kilio kisicho na wa kukisikia ni kizito mno kubebwa na mtu mmoja. Kama wimbo unakusemea, asante Mungu. Sasa maneno hayohayo mwambie padre, sista, mzazi, au rafiki. Leo, usingoje kesho.

Wapo waliogeuza kilio kuwa kitu kingine. U2 wa Ireland walitengeneza wimbo "40" kutoka Zaburi ya 40, uko kwenye albamu yao ya 1983, na kwa miaka mingi walifunga nao matamasha, watu wakitoka uwanjani wanaimba Zaburi. Septemba 1999 mwimbaji wao Bono alikwenda Castel Gandolfo kuonana na Yohane Paulo II, pamoja na wenzake wa kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini, jambo ambalo Papa mwenyewe alikwisha kuliomba katika waraka wake wa 1994. Bono alimpa Papa miwani yake, na mzee akaivaa. Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake 2001, na ndicho kipindi ada ya shule za msingi ilipoondolewa. Wengi wetu tuliandikishwa darasa la kwanza miaka michache baadaye. Hatukujua.

Jina nililoliandika

Sasa niseme kwa nini jibu langu pale sakristia lilinikera kiasi kile.

Kidato cha tatu, shule ya bweni, tulikuwa na mafungo. Mhubiri alifundisha kuhusu muziki wa shetani, tukatakiwa kutoa flashi na kadi za simu zenye nyimbo hizo zichomwe. Mimi nilikuwa kiongozi wa dini. Niliombwa kuandika majina ya wanaosikiliza roki. Niliandika majina matano. La kwanza lilikuwa la rafiki yangu, aliyekuwa akipiga gitaa kwenye Misa ya wanafunzi, amejifunza mwenyewe kwa kusikiliza solo za roki na kuzirudia hadi vidole vitoke malengelenge. Aliitwa mbele. Akaambiwa mkono wake unahitaji kuombewa.

Hakubishana. Alirudisha gitaa chumba cha sakristia, na kwenye Misa hakulishika tena. Tulipomaliza kidato cha nne alikuwa haji hata Misa. Nilijua kwamba alichokuwa akipiga kilitusaidia kusali. Nilijua wakati naandika. Nilinyamaza kwa sababu orodha ilikuwa na mwandiko wangu.

Wiki ile baada ya kumjibu vibaya kijana wa fulana nyeusi, nilimtafuta rafiki yangu kwa WhatsApp. Nikamwomba msamaha kwa maandishi, nikashindwa kupiga simu. Chini yake nikatuma ile video ya stesheni ya Manchester. Zilipita siku mbili, alama za bluu zipo, jibu hakuna. Siku ya tatu akaandika: "Huyu bibi ni nani? Na hilo gitaa ni Gibson?" Kuhusu msamaha hajasema kitu mpaka leo. Nimemwambia ndiyo, ni Gibson.

Yule kijana wa kidato cha tano naye nimemtumia somo hili kabla halijatoka, asome pamoja na mama yake.

Kwa vikundi vya vijana vitakavyotumia somo hili: kila mmoja aje na wimbo mmoja anaoupenda, wa mtindo wowote, na maneno yake yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Someni maneno kwanza bila muziki. Kisha sikilizeni. Kisha kimya dakika tano, kweli tano, mtu ashike saa. Halafu someni 1 Samweli 16:14-23 na 18:6-11, kila mmoja aseme wimbo wake umemwachia nini. Mwenyekiti asiandike majina.

Frateri wenu katika Kristo.